Siku Niliyopimwa Mirija

SEHEMU YA SITA

Mliniacha jikoni. Nilikuwa nimejifungia kwa ndani, nimekaa sakafuni nimeuegemea mlango kwa mgongo, na mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya mageti anayochomelea, alikuwa anaugonga kwa nyundo.

Kwa ambaye hakuwa nasi, nitasema kwa kifupi. Nina miaka sita ya ndoa na sina mtoto. Mwaka wa kwanza nilishika mimba ikafika miezi minne. Fundi akanipiga teke kwenye ngazi za nyuma, mimba ikatoka, nikapelekwa hospitali kusafishwa kizazi. Tangu hapo, kimya.

Mama mkwe wangu ameshamtafutia mwanawe mwanamke mwingine. Fundi akaniambia, "Niletee karatasi ya daktari. Ikisema mirija imeziba, Jumamosi unatoka na sanduku lako."

Nilikwenda. Daktari akaniandikia kipimo cha mirija ya uzazi, akanipa na sharti. Kifanyike hedhi ikishakatika, kabla ya siku ya kumi, na hapo katikati nisilale na mume wangu, isije mimba changa ikaingia tukaipiga mionzi.

Sharti hilo ndilo lililonipeleka jikoni.

"Fungua."

"Zimebaki siku mbili tu, baba. Daktari amesema."

"Huyo daktari ndiye amekuoa?"

Komeo la mlango ule alilitengeneza mwenyewe, na kazi ya Fundi haivunjiki. Kilichovunjika ni fremu. Mlango ulianguka ndani pamoja na mimi, akapita juu yake huku anavua mkanda.

Alinipiga kwa upande wa chuma. Mara ya kwanza begani, mara ya pili mbavuni. Aliponigeuza anipige tumboni, mama mkwe, aliyekuwa uani anachambua maharage, alinyanyua kichwa.

"Si tumboni, mwanangu. Tumbo ndilo linaenda kupimwa. Watakuja kuandika nini?"

Fundi ni mtoto mtiifu. Akahamia mapajani.

Nilisali nikiwa chini ya mkanda. Sikuomba aache, kwa sababu hilo nililiomba miaka mingi. Niliomba achoke kabla hajakumbuka alichokuja kutafuta. Mungu akanisikia. Alichoka, akautupa mkanda, akatoka kwenda karakana.

Nilikuwa nimevimba, lakini sharti nilikuwa nimelitunza.

Mtu mmoja tu alinisihi nisiende kupimwa, naye ni mama yangu mzazi. Anafanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali ile ile. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwachie Mungu, mwanangu. Vile vipimo vinaumiza."

Nilidhani ananionea huruma.

*

Siku ya tisa tulikuwa wanawake saba kwenye benchi, nje ya mlango wenye alama ya mionzi. Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa korido na mama yake. Alisema majibu atayasikia kwa masikio yake mwenyewe, hataki kuletewa hadithi.

Nesi alisimama mbele yetu na daftari kifuani.

"Nani hajakojoa? Nenda sasa hivi. Nani hakumeza kidonge cha maumivu saa moja iliyopita? Haya. Nisikilizeni, maana sirudii. Utalala chali, miguu juu, kama unayejifungua."

"Tungekuwa tunajifungua tungekuwa hapa?" akauliza mmoja, benchi zima likacheka.

"Cheka sasa, ndani hutacheka. Daktari ataingiza chuma cha kupanulia njia. Kina baridi, lakini ukilegea hakiumi sana. Atasafisha. Kisha atashika mlango wa kizazi kwa koleo dogo, hapo utasikia mbano. Ataingiza mrija mwembamba na kusukuma dawa polepole. Dawa ndiyo inayoonekana kwenye eksirei. Ikipita mpaka mwisho, mirija iko wazi. Ikigota, kuna mahali pameziba. Tumbo litakaza kama hedhi mbaya. Ni dakika tano, kumi. Ukimaliza utavaa pedi, utatokwa na majimaji na damu kidogo siku moja, mbili. Ukiona homa, au damu nyingi, au harufu mbaya, usikae nyumbani kusubiri. Rudi. Maswali?"

"Sista, umewaficha kitu," alisema mwanamke mnene aliyekaa kando yangu. "Ukibana, utaona nyota mchana."

"Wewe ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu. Kitanda chenyewe kinanijua."

Tukamwita Mzoefu tangu hapo. Aliniinamia sikioni. "Mwenzangu, usibane. Pumua kama unapuliza chai ya moto. Na mumeo, amepimwa?"

"Yeye ni mzima."

"Nani kasema?"

"Yeye."

Benchi likacheka mpaka nesi akapiga daftari ukutani. Na mimi nilicheka, mbavu zikanikumbusha nisifanye hivyo.

Jina langu lilipoitwa la kwanza, nesi alinipeleka nyuma ya pazia nivae gauni la hospitali. Nilipojifunua mapaja, aliweka daftari chini.

"Hapa umefanyaje?"

"Nilianguka."

"Ukaangukia mkanda? Mbona naona mpaka alama ya chuma chake?"

Akanifunga kamba za gauni mgongoni, polepole, kama anayemvalisha mtoto wa shule.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Mpiga eksirei alikuwa nyuma ya kioo anatafuna kalamu.

"Mama, nitakwambia kila ninachofanya kabla sijakifanya," alisema daktari. "Ukisema acha, naacha."

Kwa miaka sita sijawahi kuambiwa maneno hayo na mtu yeyote. Machozi yalinitoka kabla hajanigusa.

"Sasa ni chuma. Kina baridi."

Kilikuwa na baridi.

"Sasa nasafisha. Sasa ni koleo. Kohoa."

Nilikohoa. Ilikuwa kama mtu amenifinya sikio kwa kucha mbili, ila sikio lenyewe liko ndani ya tumbo. Nikapuliza chai ya moto.

"Vizuri sana. Sasa mrija."

Mrija ukaingia, ukasimama. Daktari alijaribu tena. Kuna kitu ndani yangu kilikwaruzana, nikakisikia mpaka kwenye meno.

"Pameziba?" niliuliza.

"Hata sijafika kwenye mirija, mama. Tulia. Nasukuma dawa kidogo."

Tone la kwanza lilipoingia tumbo lilijikunja kama ngumi. Nilishika kingo za kitanda nikaanza Baba Yetu, nikaipoteza njiani, nikaanza upya.

"Piga."

Mashine ikalia. Mpiga eksirei akachukua filamu akaenda kuisafisha kwenye chumba kidogo cha giza. Nikabaki vile vile, miguu juu, chuma ndani, koleo limeng'ata. Nesi alinishika mkono. Alisema ni dakika nne. Nilipofika Baba Yetu ya tisa, mlango wa kile chumba kidogo ukafunguka.

Daktari aliiweka filamu kwenye taa ya ukutani. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Picha ya kwanza iko wapi? Ile ya kabla ya dawa."

"Dokta, filamu zimebaki chache," mpiga eksirei alijibu. "Siku hizi ile ya kwanza tunairuka."

"Tunairuka na nani?"

"Ni utaratibu tu, dokta. Ile ya kwanza huwa haionyeshi kitu."

"Njoo utazame kisichoonyesha kitu. Utaratibu wako umemweka huyu mama kwenye koleo bure."

Akaitoa filamu kwenye taa, akanisogezea niione, nesi akanyanyua kichwa changu. Niliona mifupa ya nyonga zangu, myeupe, kama mbawa. Katikati yake palikuwa na herufi T, imenyooka kama imechorwa kwa rula.

"Una kitanzi, mama. Cha kuzuia mimba. Uliwekewa lini?"

"Sijawahi kuwekewa kitu."

"Hiki hakiingii chenyewe. Hedhi zako zilianza lini kuwa nzito?"

"Tangu ile mimba ilipotoka."

Daktari na nesi wakatazamana.

"Kwa hiyo mirija yangu haijaziba?"

"Hilo siwezi kukwambia leo. Lakini hiki peke yake kinatosha kukuzuia kwa miaka kumi, kumi na mbili. Kikitoka, unaweza kushika mimba hata mwezi ujao."

Hebu fikirieni. Miaka mitano nimefunga na kusali. Nimemwagiwa maji machafu mlangoni, nimeitwa mti mkavu na watoto wa jirani, nimevunjwa jino moja na kidole kimoja. Na kumbe nimebeba kufuli ndani, wala sikujua kama mlango umefungwa.

"Kitoe," nilisema.

"Nyuzi zake zimepanda ndani, sizioni. Itabidi niingize koleo lingine nizitafute. Itauma kuliko ulichosikia mpaka sasa. Ni bora nikupangie siku nyingine, ulale na dawa ya usingizi."

"Jumamosi natolewa nyumbani, dokta. Kitoe leo."

Akavaa glavu mpya.

Siwezi kuwaelezea yote. Aliingia, akatafuta, akakosa, akatoka. Akaniuliza kama aache. Nikasema asiache. Akaingia tena. Nilihisi ananing'oa kitu kilichoota mizizi, na nikataka kusali, lakini neno lililokuja lilikuwa moja tu, Mungu, Mungu, Mungu, kama mtu anayegonga nyumba ya jirani huku kwake kunaungua. Mara ya tatu alikamata. Akavuta.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Kitu kidogo kikaanguka kwenye sahani ya chuma. Ni kijiti cha plastiki kimezungushiwa waya wa shaba, kifupi kuliko kidole changu. Nilikitazama nikakosa hata cha kukitukana.

Hapo ndipo mlango ulipopigwa teke.

*

"Mnamfanyia nini mke wangu?"

"Toka nje," daktari alisema. Alishafunika sahani kwa pamba. "Hapa ni chumba cha mgonjwa."

"Hiyo ni nini?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

Fundi hakubishana naye. Alizunguka kioo, akamkamata mpiga eksirei ukosi, akamnyanyua mpaka visigino vikaacha sakafu.

"Sema wewe."

"Kitanzi, kaka. Alikuwa na kitanzi cha kuzuia mimba. Mimi sihusiki, mimi napiga picha tu."

Fundi akamwachia. Alinigeukia taratibu, na uso wake ulikuwa umetulia. Wanaoishi na mtu kama yeye wanajua kwamba utulivu ule ndio mbaya.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita unanila na kunicheka."

"Baba, sikujua."

"Hukujua kilicho tumboni mwako?"

Alinishika nywele, akaniteremsha kitandani. Nilianguka kwa goti. Damu ilinimwagika mapajani, daktari akamrukia mgongoni, Fundi akamsukuma kwa kiwiko, daktari akagonga kabati. Fundi akaniburuta mpaka koridoni nikiwa na gauni lililofunguka nyuma, mbele ya wanawake sita na mama yake, akanikanyaga mkono, akanyanyua mguu mara ya pili.

Mguu haukushuka. Mzoefu alikuwa ameng'oa chuma cha kutundikia dripu na kumchapa nacho gotini. Nilisikia mlio wake. Fundi akageuka, akapigwa cha pili shingoni. Wale watano wengine wakainuka na mikoba yao, na mwanamke mmoja mwembamba kabisa akavua kiatu.

"Mara mbili nimelala mle ndani sijaona faida," Mzoefu alisema huku anahema. "Leo nimeiona."

Walinzi wawili walifika wakamkunja mkono Fundi, wakamtoa. Alikuwa anachechemea na bado anasema miaka sita, miaka sita. Mama mkwe alibaki nyuma na mkoba wangu.

"Huu niuache au niende nao?" aliuliza.

Akaenda nao.

*

Daktari alinishona mpasuko mdogo wa ndani, huku jicho lake moja limeanza kuvimba. Alisema atatoa taarifa polisi, nitake nisitake. Nesi alikaa kando yangu.

"Ulisafishwa wapi kizazi ile mara?"

"Hapa hapa."

Akaenda chumba cha mafaili. Alirudi baada ya nusu saa, vumbi mpaka kwenye nyusi, na faili jembamba la kahawia.

"Karatasi yako ya ridhaa hii hapa. Nikusomee?"

"Nipe nisome mwenyewe."

Nafagia madarasa ya shule mchana, na jioni nakaa kwenye madawati yale yale kujifunza kusoma. Huu ni mwaka wangu wa pili. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mimi niliyeweka dole gumba hapa chini nimeelezwa na nimekubali kuwekewa kitanzi cha kuzuia mimba baada ya kusafishwa kizazi.

Chini yake palikuwa na dole gumba. La bluu, limefifia pembeni. Nililinganisha na la kwangu ingawa sikuhitaji.

Nikasoma mstari uliofuata. Aliyemsomea mgonjwa na kushuhudia: mama yake mzazi. Na sahihi yenye herufi kubwa za mviringo, ninazozijua tangu zamani kama michoro tu, kabla sijajua kuwa ni herufi.

Hapo nikaikumbuka siku ile yote. Nilikuwa nimezinduka kwenye dawa ya usingizi, midomo imekauka. Mama alinishika kidole akakichovya kwenye wino. "Bonyeza hapa, mwanangu. Ni karatasi ya kukuruhusu uende nyumbani."

Nikabonyeza. Ni mama. Angeniletea hati ya kunyongwa ningebonyeza.

"Ilitakiwa nesi mwenyewe akusomee," nesi alisema kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. "Lakini mama yako ni mtumishi wa hapa. Watu walimwamini."

Nilikunja ile karatasi nikaiweka kifuani. Nesi aliniambia nisishuke kitandani. Nilishuka.

*

Jengo la kufulia liko nyuma ya hospitali, karibu na tanuri la taka. Mama alikuwa peke yake, wenzake wamekwenda kuanika. Alisimama kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka, ile yenye meza chini na kifuniko cha moto juu. Mvuke ulikuwa umemlowesha uso.

Aliniona ninavyotembea. Akaona gauni. Akajua.

"Wamekitoa," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kaa kwanza, unatoka damu."

"Kwa nini?"

Alikunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulilala pale juu ya kitanda, damu mpaka kwenye soksi. Miezi minne ya mimba, na yeye yupo nje anamwambia daktari kuwa uliteleza. Nikasema mtoto wa huyu mtu akizaliwa, binti yangu hatoki tena mle ndani. Atafungwa kwa kitovu cha mtoto. Nikasema bila mtoto atakufukuza. Mwaka mmoja, miwili, atakufukuza, utarudi kwangu."

"Hakunifukuza."

"Hakukufukuza. Alikupiga tu. Nikasema mwaka huu. Nikasema mwaka ujao."

"Ungeniambia."

"Ungemwambia. Ulikuwa unamwambia mpaka ndoto zako."

Hilo lilikuwa kweli, na likanichoma zaidi.

"Nilikuwa nakuja kwako kila Jumapili tunapiga magoti," nilisema. "Naomba mtoto. Na wewe upo kando yangu unaitikia amina."

"Nilikuwa naomba kingine."

"Kipi?"

"Afe."

Mama yangu ni mwanamke ambaye akiua mende humwombea. Nilimtazama nikaona simjui, na papo hapo nikaona sijawahi kupendwa vile na mtu mwingine. Sikujua nimshike au nimpige. Nilikuwa bado sijaamua mlango wa nyuma ulipofunguka.

Fundi aliingia akichechemea. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, na mkoba wangu bado begani kwake. Walikuwa wamezunguka kwa geti la magari ya taka, ambalo halina mlinzi mchana.

Nilijikinga uso. Lakini Fundi hakunipiga. Alikuwa anatabasamu.

"Mke wangu," alisema. "Twende nyumbani."

"Nimemwambia atumie akili," mama mkwe alieleza, kama anayezungumzia bei ya mkaa. "Kama kizuizi kimetoka, basi tumbo ni zima. Yule mwingine wa nini tena? Jumamosi huendi popote, mkamwana. Utakaa ndani mpaka uzae."

Wasomaji wangu, maneno hayo ndiyo niliyoyalilia miaka sita. Huendi popote. Nilipoyasikia, niliibana ile karatasi kifuani.

"Haendi," mama alisema.

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akanitazama mimi, mkono wangu ulivyoshikilia kifua. Alichomoa karatasi kabla sijarudi nyuma. Yeye husoma haraka.

"Mama mzazi," alisoma. Tabasamu likaondoka. "Kumbe ni wewe, bibi."

"Ni mimi."

"Umeniulia watoto wangapi?"

"Hakuna hata mmoja. Wa kwanza ulimuua mwenyewe."

Alimkamata kifundo cha mkono, akaulaza mkono wake juu ya ile meza ya mashine, chini ya kifuniko cha moto. Mama hakupiga kelele. Kwa mkono wa pili Fundi akaanza kupapasa ubavuni mwa mashine, akitafuta mpini wa kuteremshia.

"Chagua," aliniambia. "Unatoka na mimi sasa hivi, au mama yako afunge kazi ya kufua leo."

"Mwachie," nilisema. "Mwachie, naenda."

"Ukipiga hatua moja kumfuata," mama alisema, "nakanyaga."

Nilitazama chini. Fundi anajua vyuma vyote vya mageti, lakini mashine ile hakuwahi kuifanyia kazi. Haina mpini. Kifuniko kinashuka kwa kukanyaga, na mguu wa mama ulikuwa tayari juu ya pedali.

Mama mkwe alikuwa amefuata macho yangu. Mkoba ulimteleza begani ukaanguka.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Toa mkono wako hapo."

Fundi hakumsikia. Alikuwa bado anapapasa akitafuta mpini, mkono wake mwingine umeubana wa mama juu ya meza, yote miwili chini ya kifuniko, na mvuke unatoka pembeni.

Na mimi, mguu wangu mmoja ulikuwa umeshainuka kwenda mlangoni.